Nani alibeba unga? Kusoma vitabu vya kupanda Ruwenzori tukiwa Vuhovi



Kila mwaka, mitihani ikiisha, kuna kikundi cha wenzetu kinachosemaka: "Mwaka kesho tunapanda Ruwenzori." Watu wanacheka, wanatuma picha za theluji kwenye telefone, mmoja anauliza bei ya koti, halafu maneno yanaishia pale. Lakini mlima hauondoki. Asubuhi hewa ikiwa safi, kutoka vilima vyetu vya Bashu, tunauona ng'ambo ya bonde la Semliki. Tumeuona tangu utoto. Wengi wetu tutakufa bila kuukanyaga, na karibu kila kitu tunachojua juu yake tumekisoma kwa watu waliotoka mbali.

Njo maana leo nataka kuzungumza juu ya vitabu. Siyo hadithi za mlima, bali vile vitabu vinavyomsaidia mtu kupanga safari ya kupanda: mwezi gani, njia gani, kilo ngapi, kamba ngapi, watu wangapi. Ni aina ya maandishi ambayo sisi wa universite hatuihesabii kuwa fasihi, lakini inastahili kuhukumiwa kama nyingine yoyote, kwa sababu mtu anayeifuata anaweka mwili wake ndani yake. Riwaya mbaya inakupotezea jioni moja. Kitabu kibaya cha mlima kinaweza kukupotezea vidole vya miguu.

Mimi ni mtu wa agronomia, siyo mpanda mlima. Kwa hiyo nitavipima kwa maswali ya shamba. Moja: kitabu kinajua msimu na chakula? Mbili: kinasema nani anabeba? Tatu: mahali panaitwa nani, na nani alipaita? Nne: kinajua namna ya kurudi? Nimechukua vitabu vinne. Vitatu ni vya Ruwenzori. Cha nne ni cha kisiwa kidogo cha Ugiriki, na nitaeleza sababu ya kukileta hapa.

1. Waitalia wa 1906

Kitabu kinaitwa Il Ruwenzori, kilitoka 1908, na mwandishi wake ni Filippo De Filippi. Kinasimulia safari ya Luigi Amedeo wa Savoia, mtawala mdogo wa Abruzzi, aliyetoka Italia Aprili 1906, akashuka Mombasa, akapanda treni mpaka Ziwa Victoria, akavuka mpaka Entebbe, halafu akaenda kwa miguu mpaka Fort Portal na bonde la Mobuku. Tarehe 18 Juni 1906 alifika kilele cha juu kabisa, mita 5,109. Alikipa jina la malkia wa kwao, Margherita.

Kitu cha kwanza ambacho msomaji anapaswa kukijua: De Filippi mwenyewe hakuwa kwenye safari hiyo. Aliandika kutokana na maandishi na maelezo ya wale waliokwenda. Nilipokisoma kwa tafsiri ya Kifaransa sikulijua hilo mwanzoni, na nilishangaa namna kitabu kilivyo baridi, namna kila kitu kimepangwa sawasawa, kama ripoti ya karani mwenye akili sana. Baadaye nilielewa. Mtu ambaye hakunyeshewa anaandika vizuri sana juu ya mvua, lakini mgongo wake hauumi.

Hata hivyo siwezi kukidharau. Kwanza, kipo kikamilifu. Kinaonyesha namna ya kufikiri kabla ya kuondoka: soma waliojaribu mbele yako, jua walishindwa kwa nini, chagua mwezi wenye mvua ndogo, chukua watu wanaojua barafu. Stanley alikuwa ameiona theluji hiyo mwaka 1888. Franz Stuhlmann alipanda mwaka 1891 kupitia bonde la Butagu, upande wetu huu, akafika mita elfu nne na kidogo, kisha akarudi. Watu wa 1906 waliyasoma hayo yote. Kwenye memuari zetu za lisansi sisi tunaitaka sehemu ile ya "waliotutangulia walisema nini," na wengi wanainakili tu bila kuitumia. Hapa utaona namna inavyotumika.

Pili, kuna picha za Vittorio Sella. Kama hukisomi kitabu, tazama angalau picha. Leo hazina uzuri tu, zina kazi. Wanasayansi wanaopima barafu ya Ruwenzori wanaanzia kwenye ramani na picha za 1906. Wakati ule barafu ilikuwa na kilomita mraba kati ya sita na saba na nusu. Mwaka 2003 vipimo vilionyesha chini ya kilomita mraba moja. Sella hakujua kwamba alikuwa anapiga picha za mgonjwa. Lakini alipiga vizuri, na kwa sababu alipiga vizuri tunaweza kusema leo mgonjwa amepungua kiasi gani. Kwa mtu wa sayansi hilo ni fundisho: fanya kazi yako ya leo kwa usahihi, hata kama hujui nani ataihitaji.

Sasa twende kwenye mabega.

Waongozaji wa barafu waliotoka Courmayeur wana majina ndani ya kitabu: Joseph Petigax, César Ollier, Joseph Brocherel. Daktari ana jina. Mwanajiolojia Alessandro Roccati ana jina. Halafu kuna wapagazi. Kitabu kinakubali wazi kwamba wale wa kutoka tambarare hawakuweza baridi, wakarudishwa, na kazi ya juu ikashikwa na Wakonzo, watu wa mlima wenyewe, miguu bila viatu, wakilala chini ya mwamba wa Bujongolo karibu na mita 3,800. Kinawasifu, hilo ni kweli. Lakini kinawasifu kama tunavyosifu ng'ombe mzuri: kwa kundi. Unafunga kitabu ukijua mwongozaji fulani alitoka kijiji gani cha Alpes, na hujui aliyebeba hema lake ni mtoto wa nani.

Kwetu hili siyo jambo la mbali. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa huku ni watu wamoja, Bayira. Mpaka wa 1910 ulipita juu ya barafu yenyewe, katikati ya Margherita, ukaacha ndugu huku na ndugu kule. Wapagazi wale ni babu zetu wa ukoo, kama siyo wa nyumba.

Nataka tufanye hesabu moja, kwa sababu ni hesabu inayofundisha kuliko maneno. Tuseme wanafunzi kumi wanapanda kwa siku sita. Mtu mmoja anakula kama gramu 800 za chakula kikavu kwa siku: unga, mchele, samaki kavu, sukari. Kwa siku sita ni karibu kilo tano. Watu kumi ni kilo 50. Weka nguo, mablanketi, hema na sufuria, kilo kumi kwa kila mmoja, ni kilo 100. Jumla kilo 150. Mbebaji mmoja anachukua kilo 20. Utasema: wabebaji wanane wanatosha. Hapana! Mbebaji naye anakula. Kilo tano kati ya zile ishirini ni chakula chake mwenyewe. Zinabaki 15 kwa ajili yako. Kwa hiyo unahitaji watu kumi, na robo ya mzigo wote unaopanda mlima ni chakula cha wale wanaobeba mzigo. Na hapo sijamhesabu mwongozaji wala mpishi.

Mpango usioonyesha robo ile umeficha kitu. Ama mbebaji anabeba zaidi ya unavyosema, ama anakula chini ya anavyohitaji. Hakuna njia ya tatu. Nikisoma kitabu chochote cha safari, cha 1906 au cha mwaka jana, ninaitafuta robo ile. Kwa De Filippi unaiona kwa shida, imetawanyika kati ya sentensi, wakati vipimo vya joto na hewa vimewekwa kwenye jedwali safi kabisa.

Halafu majina. Margherita, malkia wa Italia. Alexandra, malkia wa Uingereza. Kuna Elena, kuna Savoia, kuna Vittorio Emanuele, kuna Edward. Milima mikubwa sita ikaitwa Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Mtu angefikiri walifika mahali pasipo mtu. Lakini jina lenyewe la Ruwenzori linatoka kwa watu wa pale: kwa lugha yetu nzururu ni theluji, Rwenzururu ni mahali pa theluji. Na mahali pale palikuwa na mwenyewe, Kitasamba, ambaye wazee wa Kikonzo walimheshimu kama bwana wa theluji. Sisemi turudi kumwogopa Kitasamba. Nasema tu kwamba mtu aliyeamini kule juu kuna mwenyewe alikuwa na mpango wake pia: nani apande, lini, aombe nini kwanza, aache nini. Huo nao ni mwongozo wa kupanda mlima. Haukuandikwa, na waliokuja na karatasi hawakuuliza.

2. Wabelgiji wa 1932

Safari ya Waitalia ilipanda kutoka Uganda. Mwaka 1932 Wabelgiji, wakiongozwa na Xavier de Grunne, walikuja kwa upande wetu. Kitabu chao kilitoka Bruxelles 1937: Vers les glaciers de l'Équateur. Waandishi ni wanne, na ndani kuna mtu wa mimea, Lucien Hauman. Kwa sisi wa agronomia huyo ndiye sababu ya kukifungua.

Hauman anakupandisha kwa majani. Hilo ndilo jambo ambalo picha za telefone haziwezi kukupa. Chini ni mashamba: ndizi, muhogo, kahawa, kakao. Unaingia msitu wa mlima. Karibu na mita 2,400 inaanza mianzi. Juu ya mita 3,000 unaingia kwenye miti ya erika iliyofunikwa na ndevu za kuvu, mahali ambapo mguu haukanyagi udongo bali mizizi na majani yaliyooza. Juu zaidi kuna senesio kubwa kama mtu aliyevaa koti la majani, na lobelia zinazosimama kama nguzo. Halafu mawe, halafu barafu. Yote hayo ndani ya siku nne za kutembea. Kwa mwanafunzi wa ekolojia hakuna oditware nzuri kuliko hiyo.

Na mlima wenyewe siyo volkano. Watu wengi wa kwetu wanachanganya, kwa sababu Nyiragongo iko mkoa uleule. Ruwenzori ni mwamba wa zamani uliosukumwa juu wakati ardhi ya pembeni iliposhuka na kufanya bonde, lile Graben ambalo hata universite moja ya Butembo imechukua jina lake. Kwa hiyo udongo wake siyo kama ule wa Rutshuru unaootesha kila kitu. Mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, inaosha, inachuja, na kule juu inabaki tope jeusi lenye maji, chungu, baridi. Ukijua hivyo unajua mapema viatu gani ubebe: buti za mpira, zile za shamba, zinazouzwa katika soko lolote la Butembo. Wazungu wenye viatu vya bei kali wanaishiaga kuzivaa pia.

Upungufu wa kitabu hiki ni kwamba kinapenda mmea kuliko mkulima. Mstari unapoanza mianzi umepimwa vizuri. Mstari unapoishia shamba la mtu, na kwa nini linaishia pale, haumshughulishi mwandishi sana. Tukumbuke ilikuwa miaka gani. Hifadhi, ambayo leo ni Virunga, iliundwa 1925 na kupewa jina la mfalme Albert. Huyo mfalme naye alikuwa mpanda miamba, na alikufa Februari 1934 akipanda mwamba peke yake pale Marche-les-Dames, kwao Ubelgiji. Kwa hiyo kulikuwa na watu wakubwa walioupenda mlima kwa moyo wote. Sina shaka juu ya mapendo yao. Lakini mapendo ya mlima na hesabu ya watu wanaoishi chini yake ni madaftari mawili tofauti, na mwaka 1937 walijaza moja tu.

3. Osmaston na Pasteur

Kitabu cha tatu ni cha Kiingereza, Guide to the Ruwenzori, cha 1972. Waandishi ni Henry Osmaston na David Pasteur. Osmaston alikuwa mtu wa misitu nchini Uganda, na inaonekana mara moja. Kati ya vitatu hivi ndicho ningempa mtu anayetaka kwenda kweli.

Sababu ni kwamba hakidanganyi. De Filippi anakupa ushindi. Wabelgiji wanakupa sayansi. Osmaston na Pasteur wanakupa tope. Njia inaelezwa kama jirani anavyokuelekeza: hapa vuka, hapa usiamini nyasi, hapa panateleza, kutoka hapa mpaka kibanda ni saa kadhaa. Hakuna anayejisifu. Sentensi ni fupi, na kila moja inafanya kazi. Ningependa ripoti za miradi yetu ziandikwe hivyo!

Lakini uzito wake uko Uganda. Msomaji wa Vuhovi anasoma kwamba safari yake inaanzia ng'ambo ya mpaka, kana kwamba mlima una mlango mmoja. Njia yetu ipo. Unatoka Butembo mpaka Beni, unashika barabara ya Kasindi, unaingia Mutwanga. Kutoka pale kuna vibanda: Kalonge kwenye mita 2,100 na kidogo, Mahangu karibu na 3,300, Kiondo juu ya mita 4,000, halafu Moraine karibu na barafu. Siku sita kwenda na kurudi. Njia hii inapanda haraka kuliko ile ya Uganda, na mwili hauna muda mrefu wa kuzoea hewa nyepesi.

Na hapa niongeze kitu ambacho sikukikuta kwenye vitabu, ingawa kila mama wa kwetu anayeuza chakula angekiuliza kwanza: maharagi hayaivi kule juu. Hewa ikiwa nyepesi, maji yanachemka kabla ya kupata moto wa kutosha. Kwenye mita 4,200 maji yanachemka karibu na digrii 86. Utachemsha maharagi usiku mzima, utamaliza makala, na asubuhi utatafuna mawe. Kwa hiyo panga hivi: maharagi na viazi kula Kalonge, bado yanaiva bila shida kubwa. Kuanzia Mahangu tumia unga wa bugali, uji wa soya na mahindi, samaki wadogo wakavu, karanga, sukari. Bugali haitaki digrii mia. Bebeni makala kutoka chini, msikate erika. Mti ule mwembamba mnaoukata kwa chai moja umekua kwa baridi ile kwa miaka mingi kuliko umri wenu.

4. Kwa nini kisiwa cha Ugiriki?

Kitabu cha nne ni mwongozo wa kupanda miamba ya Kalymnos, wa Aris Theodoropoulos. Nimeuleta kwa sababu picha zake zinazunguka sana kwetu: bahari ya buluu, mwamba wa rangi ya machungwa, kijana ananing'inia kwa kamba. Wengine wanaota kwenda kule, na mimi sicheki ndoto ya mtu. Lakini nilitaka kujua namna kisiwa kile kilivyopata kitabu.

Watu wa Kalymnos waliishi kwa kupiga mbizi kutafuta sponji za bahari. Mwaka 1986 ugonjwa ukashambulia sponji kwenye Mediterania. Kazi ikaanguka. Sisi tunajua maana yake. Tuliona trakeomikozi ikikausha robusta ya Beni. Tuliona mnyauko wa ndizi ukitoka Masisi kuanzia 2001 na kusambaa, shamba moja baada ya jingine. Unaamka, na kile kilicholipa minerval ya watoto kimekauka kwenye shina.

Mwaka 1996 Mwitalia mmoja, Andrea Di Bari, alikuja likizo akaitazama miamba iliyokuwa pale siku zote, juu ya mbuzi na nyumba. Mwaka uliofuata alirudi na wenzake wakafungua njia za kwanza, kwa kupiga pini za chuma ndani ya mwamba ili kamba ishike. Manispaa ikaona faida, ikasaidia. Leo kuna njia zaidi ya elfu tatu, na vijiji kama Masouri vinajaa watu mwezi wa Oktoba, wakati visiwa vingine vinafunga.

Mwongozo wenyewe una ufundi wake. Kila mwamba umeandikiwa jua linaupiga saa ngapi na kivuli kinakuja saa ngapi, njia ni ya urefu gani, kamba ya mita ngapi inatosha, na ugumu wa kila mstari. Hakuna shujaa ndani yake. Na ukiufuata mpaka mwisho wa siku, unajikuta kwenye meza ya mtu wa kisiwa, unakula mkate wake na kulala kwenye chumba chake. Hilo ndilo ninalolipenda. Kitabu cha 1906 kilimwisha msomaji juu ya barafu na bendera. Kitabu hiki kinamrudisha chini, kwenye nyumba ya mwenyeji.

Lakini tusikinakili kwa upofu. Mwamba wa Kalymnos ni wa chokaa, karibu na barabara. Unapanda mita thelathini, unashuka, unakunywa kahawa. Hauhitaji mbebaji. Ruwenzori bila mbebaji haipandiki. Na kisiwani hakuna vita.

5. Kurudi

Hapa vitabu vyote vinne vinatuacha peke yetu, na siwalaumu waandishi. Lakini kuhakiki bila kulisema hili kungekuwa kucheza.

Tangu Oktoba 2014 mauaji ya Beni hayajaisha. Sekta ya Ruwenzori yenyewe, Mutwanga na vijiji vya jirani, iliguswa vibaya. Tangu Mei 2021 mkoa uko chini ya état de siège. Katikati tulipata Ebola, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020. Safari za watalii upande wetu zilisimama. Wabebaji waliokuwa wanajua njia ya Kiondo kama njia ya kisima walirudi kwenye kakao, na mara nyingine hata kwenye kakao hawawezi kufika kwa sababu ya ADF. Kwa hiyo swali langu la nne, la kurudi, halina jibu la kitabu kwa sasa. Mtu akikuambia leo kwamba amepanga safari ya wanafunzi kupitia Mutwanga, muulize kwanza ni nani aliyemwambia njia ni salama, siku gani, na kwa maandishi. Akianza kucheka, baki nyumbani.

Basi kwa nini kuvisoma? Kuna mwenzetu mmoja aliniuliza hivyo, kwa hasira kidogo: "Watu wanakufa, wewe unahakiki vitabu vya kupanda mlima?" Swali lake ni la haki. Jibu langu ni hili. Vita vinachukua watu na mashamba, na pia vinachukua ujuzi wa mahali. Njia isiyopitwa miaka kumi inafungwa na mianzi. Mbebaji aliyejua pale pa kuvuka maji anakufa, na mwanae hajawahi kwenda. Barafu nayo haingojei amani. Siku njia itakapofunguka, atakuja tena mtu wa mbali na karatasi nzuri, atatuuliza sisi wenye lisansi, nasi tutamfungulia De Filippi. Itakuwa 1906 mara ya pili, tofauti tu ni kwamba sasa tunajua kusoma.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Soma De Filippi kwa ajili ya picha na kwa ajili ya namna ya kujiandaa, ukitafuta robo ya mzigo aliyoificha. Soma Wabelgiji kwa ajili ya Hauman. Tumia Osmaston na Pasteur siku utakayovuka kwenda upande wa Uganda, ambako kupanda kunaendelea. Tazama mwongozo wa Kalymnos kwa ajili ya umbo lake: jua, kivuli, kamba, kitanda, mkate. Hakuna hata kimoja kati yao kinachotosha kwetu.

Kile kinachokosa kinaweza kuanza bila kukanyaga barafu, na bila kwenda mahali pa hatari. Waliobeba mizigo miaka ya themanini wengine bado wako hai, na kwa sababu ya vita wengi wamekimbilia Beni, Butembo, hata kwetu huku. Wako kwenye vyumba vya kupanga, wanauza makala, wanalea wajukuu. Mtu akae nao na daftari. Aandike mahali panaitwaje kwa Kinande kabla ya kuitwa kwa jina la malkia. Aandike walilipwa ngapi kwa siku, walikula nini Mahangu, nani aliumwa kichwa na walimfanyia nini, nani hakurudi. Aandike majina yao mawili mawili, kama yanavyoandikwa kwenye kadi ya uchaguzi. Hayo yakiisha kuandikwa, tutakuwa na sura ya kwanza ya kitabu, na itakuwa sura ambayo Waitalia, Wabelgiji na Waingereza hawakuweza kuiandika. Wenye nafasi vakansi hii, na wanaojua mzee wa namna hiyo kwenye mtaa wao, tuanze na yeye.